Safu ya mwisho ya daftari

Daftari lenyewe halina la kuvutia. Jalada gumu, kurasa zimechorwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu: namba, jina, umri, simu, presha namba ya juu, namba ya chini, mapigo. Mwandishi wake ni mimi. Sikusomea udaktari wala uuguzi. Nilijitolea katika shirika letu la moyo kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu Jumamosi sikuwa na pa kwenda. Nalisema hili mapema kwa kuwa wengi wakiulizwa walianzaje kujitolea hutoa hadithi ya mzazi aliyeanguka ghafla. Wangu wapo, na baba hapendi kupimwa kitu chochote.

Jumamosi ya kwanza tulipanga meza mbili chini ya turubai, mashine mbili za presha za betri, viti sita vya plastiki na spika ya kuwaita wapita njia waje kupima bure. Neno “bure” lina nguvu zake. Foleni ilizunguka turubai mara mbili. Vijana wawili wakawa wanapima, mwingine anagawa vipeperushi, mimi naandika. Funga mkanda, bonyeza, soma, haya anayefuata. Jioni tulihesabu mistari ikazidi mia mbili, tukapiga picha bango likiwa nyuma yetu, na ripoti ikaenda kwa wafadhili usiku uleule. Nilirudi nyumbani najiona mtu wa maana.

Jumatatu akaja Sista. Ni muuguzi mstaafu, amekaa wodi ya moyo tangu enzi za mashine za zebaki, na kila mtu pale humwita Sista tu, hata mwenyekiti wa bodi. Alivaa miwani, akalifungua daftari langu, akawa anashuka na kidole mstari kwa mstari bila kusema neno. Kidole kikasimama.

“Huyu wa namba 47. Mia moja tisini na sita kwa mia moja kumi na nane. Alikwenda wapi?”

“Tulimwambia aende hospitali, Sista.”

“Sijauliza mlimwambia nini. Nimeuliza alikwenda wapi.”

Tukatazamana. Sista akaomba rula. Ukurasa ulikuwa umejaa hadi pembeni, ikabidi achore safu mpya kwenye ukingo uliobaki, nyembamba kama njia ya sisimizi, na juu yake akaandika kwa herufi ndogo: Alirudi? Halafu akanisukumia daftari. “Hii sasa ndiyo kazi yako.”

Nilidhani ananionea. Kabla hajanipa simu ya ofisi, lakini, alitukalisha sote chini tujifunze upya, maana hata hizo namba tulizoandika alikuwa na shaka nazo. Akamwita kijana mmoja ampime mwenzake kama tulivyofanya Jumamosi. Yule mwenzake alikuwa na shati la mikono mirefu. Akalikunja hadi juu ya kiwiko, likabana mkono kama kamba. Mkanda ukafungwa juu ya mkunjo. Miguu imepishana, mgongo hauegemei popote, mkono unaning’inia, na wote wawili wanapiga soga. Mashine ikaleta 151 kwa 94. Sista akamwambia avue shati, aegemeze mgongo, akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, alaze mkono mezani usawa wa moyo, anyamaze. Dakika tano. Nilikuwa sijui kuwa dakika tano za ukimya ni nyingi hivyo. Ungesikia saa ya ukutani ikimeza mate. Akapimwa, ikasubiriwa dakika moja, akapimwa tena: 127 kwa 80, kisha 124 kwa 79. Mtu yuleyule, kiti kilekile.

Kuongea tu wakati wa kupimwa kunapandisha namba. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha. Kibofu kilichojaa kinapandisha, na kahawa au sigara ya nusu saa iliyopita vilevile. Kwa hiyo katika wale watu mia mbili na ushee, wapo tuliowatisha bure, na hatuna njia ya kujua ni wepi. Hilo liliniuma kuliko maneno ya Sista. Tangu siku hiyo tunapima watu wachache sana, na kuna Jumamosi foleni inatuchukia waziwazi. “Mbona mnawaweka watu kama wako msibani?” mama mmoja aliuliza.

Namba 47, hata hivyo, hakuwa kosa la mkanda. Makosa ya namna yetu yanaweza kuongeza kumi, ishirini, pengine zaidi kidogo. Hayakutoi kwenye uzima yakakufikisha 196. Nilimkumbuka vizuri. Alikuwa mtu wa miaka 52, amesimama wima, anacheka, akasema mashine yetu mbovu kwa sababu yeye haumwi hata kidole.

Na kweli haumwi. Hapo ndipo kazi ya shirika la moyo inapotofautiana na kazi ya hospitali. Hospitali mtu anajileta kwa sababu anaumwa. Sisi tunamfuata mtu asiyeumwa, tunamwambia kwamba moyo wake, unaopiga kama mara laki moja kwa siku, kila pigo unasukuma damu dhidi ya ukuta ambao umekuwa mgumu, na kwamba msuli wa moyo unanenepa kwa shida hiyo, na figo na macho na ubongo vinachakaa taratibu. Yeye anakuangalia, anajisikia vizuri, na ana shughuli zake.

Wakubwa pia wamepita njia hiyo. Machi 1944 daktari wa moyo Howard Bruenn alimpima Rais Franklin Roosevelt wa Marekani akakuta 186 kwa 108. Daktari mkuu wa Rais, Ross McIntire, alikuwa mtaalamu wa masikio, pua na koo, na umma ukaendelea kuambiwa Rais ni mzima. Siyo uongo mtupu tu; wakati ule madaktari wengi waliamini presha kubwa ni jambo la kawaida la umri, kwamba mishipa ikikakamaa mwili lazima uisukume damu kwa nguvu zaidi, kwa hiyo uache. Na hata aliyetaka kutibu hakuwa na mengi mkononi: mapumziko, kupunguza chumvi, basi. Tarehe 12 Aprili 1945 Roosevelt alilalamika maumivu makali ya kichwa upande wa kisogo, akapoteza fahamu, na Bruenn alipompima alikuta 300 kwa 190. Akafa siku hiyohiyo kwa damu kuvuja kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 63.

Sista huisimulia hadithi hii vizuri kuliko mimi, na huwa anasimama hapo akamtazama mtu. Mimi nimependa zaidi kilichofuata. Mwaka 1948 Marekani ilipitisha sheria ya kuanzisha taasisi ya taifa ya moyo, na mwaka huohuo watafiti wakaingia katika mji mdogo wa Framingham, Massachusetts, wakaandikisha watu 5,209 wa umri wa miaka 30 hadi 62. Hawakuwapa dawa. Waliwapima, wakawauliza wanavutaje sigara, wanaishije, halafu wakawaomba jambo moja: warudi baada ya miaka miwili. Wakarudi. Wakarudi tena. Mwaka 1971 wakaandikishwa watoto wao, na mwaka 2002 wajukuu. Mambo ambayo leo yanasemwa kwenye kila kipeperushi, kwamba presha, sigara na lehemu (kolesteroli) nyingi kwenye damu vinamwandalia mtu mshtuko wa moyo, yalitoka kwa kiasi kikubwa kwenye madaftari ya mji ule. Hata maneno “vihatarishi vya ugonjwa” yalienea baada ya watafiti wa Framingham kuyatumia katika andiko la mwaka 1961. Niliposoma hayo niliifikiria ile safu ya Sista. Wale watu 5,209 wangepimwa Jumamosi moja wakapigwa picha na bango, tusingejua kitu.

Mwaka 1948 una kisa kingine ambacho nakipenda mno. Jumuiya ya Moyo ya Marekani ilikuwa imeanzishwa mwaka 1924 na madaktari sita, na kwa miaka zaidi ya ishirini ilibaki kuwa mahali pa madaktari kuzungumza na madaktari. Mwaka 1948 ikafungua milango kwa watu wa kawaida, na pesa iliyoiwezesha ilitoka kwenye mchezo wa redio. Wasikilizaji walisikilizishwa nyayo za mtu anayetembea, ko ko ko, wakatakiwa kubahatisha ni nani. Anayeshiriki anatuma barua na mchango wa moyo. Ilipatikana zaidi ya dola milioni 1.5, pesa nyingi sana kwa wakati ule. Mwenye nyayo alikuwa mchekeshaji Jack Benny. Mashirika mengine yakafuata katika nchi zao. Lile la Uingereza lilianza mwaka 1961. Kila mwaka tarehe 29 Septemba sote tunavaa fulana nyekundu kuadhimisha Siku ya Moyo Duniani, na nakiri nina fulana nane.

Basi nikaanza kupiga simu.

Simu za kwanza zilikuwa balaa. “Mnauza nini?” “Namba yangu umeitoa wapi?” Mmoja alidhani nataka mchango wa harusi akaniambia mwezi huu amebanwa. Nilipozoea, nikaanza kusikiliza maneno yenyewe ambayo watu hutumia, na nikagundua lugha yetu inatuponza kidogo. Presha kwetu ni kitu kinachokuja na kuondoka. Mtoto anakupa presha, mechi ina presha, bosi kaamka na presha. Mtu akiambiwa ana presha, cha kwanza anatafuta aliyemuudhi. “Siku ile nilikuwa nimegombana na shemeji,” aliniambia dada mmoja mwenye 168 kwa 102, “tulishapatana, sasa niko sawa.” Ugomvi umekwisha, presha nayo imekwisha.

Halafu kuna presha ya kupanda na presha ya kushuka, ambazo watu huzizungumzia kama ndugu wawili wasiopatana, na mtu huzaliwa akiwa wa upande mmoja. “Yangu mimi ni ya kushuka,” mzee mmoja alisisitiza, wakati namba zake ziko mbele yangu zimepanda kama ngazi. Na lipo neno “kupona”. Alipewa vidonge vya mwezi mmoja, akavimaliza, akapimwa ikawa nzuri, akapona, akaacha. Ukimwambia namba ilikuwa nzuri kwa sababu ya vidonge, anakuona unataka kumtia ugonjwa. Kwa upande wetu vipeperushi vilisema “shinikizo la juu la damu”. Ni sahihi, na kwenye taarifa ya habari linapendeza, lakini sijawahi kumsikia mtu akisema leo shinikizo langu la juu la damu limeniamkia vibaya. Nilipendekeza tuandike presha. Kamati ilijadili vikao viwili. Tukaandika presha, na chini yake kwa herufi kubwa: haina siku ya kupona, ina siku ya kutulia. Sista aliiona ya kishairi mno lakini akaipitisha.

Nilipata pia kuelewa kwamba tatizo la safu yangu si la kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wazima bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha ya juu. Asilimia 46 yao hawakujua. Waliokuwa wakitibiwa ni asilimia 42. Ambao presha yao ilikuwa imetulia kweli ni mmoja kati ya watano. Na haya si mambo ya nchi tajiri, kama wengi wanavyodhani; katika watu milioni 17.9 waliokufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa mwaka 2019, zaidi ya robo tatu walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ukizitazama namba za presha kama daftari, sisi wa turubai tunashughulika na ile hatua ya kwanza ya asilimia 46. Tunamtoa mtu kwa wasiojua tunamweka kwa wanaojua, kisha tunafunga viti vya plastiki. Mapengo mawili yanayofuata, la kutibiwa na la kutulia, hayana bango.

Wala hayana picha, na hapa naingia kwenye jambo linalonifanya nisipendwe sana ofisini. Fomu ya mfadhili ina kisanduku cha “waliopimwa”. Haina cha “waliorudi”. Tukipima watu elfu moja vibaya tunaonekana hodari kuliko tukipima sitini vizuri na kuwapigia simu mara nne kila mmoja. Muda wa maongezi kwenye simu haupigwi picha. Kiharusi ambacho hakikutokea hakipigwi picha. Mtu ambaye angeanguka akaamka salama hajui kama kuna wa kumshukuru, na sisi wenyewe hatumjui ni yupi kati ya wale. Mtunza hazina wetu, mtu mwema, aliniuliza kwenye kikao, “Sasa tutaonyesha nini?” Nikamwonyesha daftari. Akalitazama kama mtu aliyeonyeshwa nguo za kufua.

Suala la pesa lina ubaya wake mwingine. Mwaka 1967 jarida kubwa la tiba la Marekani lilichapisha mapitio yaliyoelekeza lawama ya ugonjwa wa moyo kwenye mafuta na kuipunguzia sukari. Mwaka 2016 nyaraka zikaonyesha kwamba kazi hiyo ililipiwa na wafanyabiashara wa sukari. Karibu miaka hamsini katikati. Kwa hiyo kila inapotokea kampuni inayotaka nembo yake ikae kwenye turubai letu, Sista huuliza swali moja tu: inauza nini? Tumepoteza fulana nyingi kwa swali hilo.

Mfano anaoupenda yeye ni Karelia Kaskazini, mkoa wa Finland ambao miaka ya 1960 wanaume wake walikufa kwa moyo kwa kiwango cha juu kabisa duniani. Mwaka 1971 wenyeji wenyewe waliandika ombi kwa serikali wakitaka kitu kifanyike, na mwaka 1972 mradi ukaanza chini ya daktari kijana, Pekka Puska. Waliingia majikoni kupitia chama cha akina mama wa nyumbani, wakapika vyakula vilevile vya mkoa kwa siagi kidogo na chumvi kidogo na mboga nyingi. Wakawabana watengenezaji wa vyakula. Wakashindanisha vijiji kuacha sigara. Wakapima presha na kuandika majina ya kufuatilia. Kwa miaka kama arobaini vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Arobaini! Ruzuku yetu ni ya miezi kumi na minane.

Namba 47 alikata simu mara mbili. Ya tatu alipokea mkewe, akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, endelea kupiga.” Ya nne akapokea mwenyewe, nikamwambia, “Mzee wangu, sina la kuuza. Nina safu tupu hapa kwenye daftari na Sista ananigombeza.” Akacheka. Akasema atakuja kumwona huyo Sista.

Alikuja Jumamosi ya mvua, foleni hakuna. Sista akamkalisha, akamtaka anyamaze dakika tano. Ya pili tu akaanza: “Mbona hampimi?” Sista hakumjibu. Ikatoka 188 kwa 112. Safari hii hakusema mashine mbovu. Aliangalia kiwambo muda mrefu, akauliza kama namba hizo zinaweza kumpata mtu aliyelala. Sista akamuuliza maswali ya upesi: kifua kinabana, pumzi inakatika, macho yanaona ukungu, mkono unalegea, maneno yanagongana? Hakuna. Akaandika barua na hakumwachia aondoke nayo peke yake. Alimpigia simu muuguzi wa kliniki mbele yake, akamtajia jina, akataja siku.

Aliporudi kwetu baada ya majuma matatu alikuwa na kadi ya kliniki na vidonge vya aina mbili ndani ya mfuko wa shati. Akakaa bila kuambiwa, akakunjua miguu, akalaza mkono mezani. Dakika tano zile alikuwa kimya kuliko sisi. 152 kwa 94.

“Imeshuka!” akasema.

“Bado,” akasema Sista.

“Bado nini, Sista? Imeshuka arobaini na kitu!”

“Imeshuka. Na bado.”

Wakabishana vizuri tu, kama watu wanaojuana. Mimi nikashika kalamu nikatafuta mstari wa 47. Ile safu ilikuwa nyembamba mno, neno “Ndiyo” likaingia kwa shida na tarehe ikakosa nafasi. Nikageuza ukurasa nikaiandika nyuma. Akasimama akichungulia ninachoandika, akauliza arudi lini.

Baba bado hataki. Mkanda anauita pingu. Mwezi uliopita, lakini, aliniuliza kama kwa bahati tu, akiwa anatazama pembeni, kama ni kweli mtu hukalishwa dakika tano bila kusemeshwa. Nikamwambia kweli. Akasema hilo peke yake si baya.

Daftari jipya limechapishwa, halichorwi tena kwa rula. Lina safu sita za “Alirudi?”, na Sista analalamika kwamba ni chache.